Wastani Unataka Kunitoa kwenye Ngokela

Bi Hafidha wa redio, shikamoo. Nimekwama, nisaidie, na usinizungushe maana kikao ni Jumapili ijayo.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nne, mgane, niko Kitura. Shule niliishia darasa la nne. Nafanya vibarua kwenye kahawa za watu kule Maguu, kupalilia, kupunguza matawi, kubeba. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Naandika mwenyewe, mwandiko uuvumilie.

Huku tunalima ngoro. Wewe una duka huko mjini, labda jembe unaliuza tu, nakueleza. Mlima umesimama kama ukuta, ukilima hovyo mvua inabeba shamba lako inampelekea mtu wa bondeni. Kwa hiyo mwanaume anafyeka majani anayalaza miraba, mwanamke anachimba udongo wa katikati anafukia yale majani, linabaki shimo, maji yanatulia humo, maharage unapanda kwenye kingo. Mtu peke yake hamalizi. Ndiyo maana tuna ngokela, kundi la kulimiana, leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, mpaka nyumba zote ziishe. Tulianza nyumba kumi na moja. Zamu tulipiga kura, kura ikanipa mimi ya mwisho, sikulalamika.

Sasa sikia upuuzi. Binti yangu Eunice amesoma kompyuta Iringa, Krismasi akaja na kompyuta yake, akaniita nikaone kitu katengeneza, akasema, "Baba, hii inaitwa maktaba." Nikamwuliza vitabu viko wapi. Akasema, "Si ya vitabu, baba. Ni hesabu ndogo ndogo nimeziandika nikaziweka pamoja. Mtu mwingine akitengeneza programu yake anachukua zangu, haanzi upya." Nikasema hesabu gani. Akasema ukiipa namba inakupa wastani, inakupa namba ya katikati, inayojirudia sana, ya chini na ya juu zimeachana vipi, na zote zimetawanyika kiasi gani, basi, nyepesi, hata simu mbovu inaibeba. Nikamwuliza, "Inaua viwavi?" "Hapana, baba." "Inamenya kahawa?" "Hapana." "Nani kakutuma?" "Hakuna. Nimeiweka wazi, anayetaka achukue." Nikacheka mpaka nikakohoa. Miaka mitatu chuoni mtu anarudi na wastani, wakati mwalimu wa msingi anaufundisha kwa kipande cha chaki. Nilimwambia hivyohivyo. Akafunga kompyuta.

Lakini, Bi Hafidha, binadamu ni mjinga. Wiki ile ile nikiwa kilabuni watu wakaanza kugombana kuhusu ngokela, nani mvivu, nani anakuja kushika jembe kama fimbo ya kanisani, na mimi nikiwa nimeshakunywa nikasimama nikasema binti yangu ana kitu kinapima uvivu. Wilfred, katibu wetu, ana simu kubwa na kidato cha nne, akadaka hapo hapo. Eunice akamtengenezea ukurasa kwenye simu, unaandika majina na mashimo, unabonyeza, zinashuka namba tano. Wilfred anasoma ya kwanza tu, wastani, halafu anazima simu anaiweka mfukoni kama padri anayefunga misale. Kikao kikapitisha kwamba aliye chini ya wastani kwa zaidi ya mashimo matano, siku tatu mfululizo, jina linakatwa. Mimi nilinyoosha mkono wa kwanza.

Akakatwa mzee Bernadi. Mguu wake mmoja mbovu, alikuwa anapiga mashimo manane. Nilicheka, wote tulicheka.

Sasa ni mimi. Napiga kumi. Kila siku kumi, siyo tisa siyo kumi na moja. Wastani ulikuwa kumi na tatu na kitu, nikawa nipo salama. Tangu Othmar mwenyekiti wetu aongeze vibarua wawili kwenye watu wake, wastani umepanda mpaka kumi na sita. Nakuandikia za juzi kama Wilfred alivyozisoma: mimi kumi, Margareta kumi na moja, Makame kumi na moja, Wilfred mwenyewe kumi na mbili, wawili wengine kumi na mbili kumi na mbili, wawili kumi na tatu kumi na tatu, Aidan kumi na nne, Othmar hamsini na mbili. Wengine wanakuja mtu na mke wake, Margareta na binti yake, Othmar anakuja na kijiji, watu saba. Mimi nakuja na jembe. Nafyeka mwenyewe, nalaza mwenyewe, nachimba mwenyewe, kazi ya mke wangu naifanya mimi na wanawake wananitazama. Nilitaka kusema. Nikaona nikisema niko peke yangu watanijibu oa basi, Aidan alishanitania, "Shemeji, hilo shimo lako limekaa kiume kiume." Na Wilfred neno lake ni moja, "Nyumba ni nyumba." Kweli, tangu babu zetu ngokela inahesabu nyumba, haihesabu vichwa. Nikarudi kwenye jembe.

Nimeshalima mashamba yao nane. Limebaki la Margareta na langu. Siku mbili nimekuwa chini. Ya tatu ni Ijumaa ya wiki ijayo kwa Margareta, Jumapili wananikata. Nisipolimiwa mwezi huu wa tatu maharage nimekosa, na Desemba hakuna pa kuweka mahindi. Nitakula nini, wastani?

Nilimpigia Eunice nikamwambia hiyo takataka yako inamfukuza baba yako shambani. Akasema, "Baba, shikamoo. Wameingiza nini humo? Nisomee namba." Nikamwambia mimi siyo mwanafunzi wako, nikakata. Siku kumi na mbili hajapiga.

Nijibu hili tu. Jumapili nisimame niseme kitu cha binti yangu ni cha kijinga kitupwe, nimwaibishe mbele ya kijiji kizima baada ya mimi mwenyewe kukileta? Au ninyamaze nikatwe? Barua nampa Halima wa dukani anashuka mjini Jumatatu, na redio yako tunaisikiliza kwake Alhamisi.

Mgane wa Kitura

*

Marahaba, mgane wa Kitura. Barua imefika, ina udongo mpaka ndani ya bahasha. Majina yote nimeyabadilisha ndiyo nayasoma hewani, maana wewe umeyamwaga kama orodha ya ubatizo, hukufikiria kwamba Wilfred naye ana masikio.

Pole kwa kufiwa. Nakupa pole hiyo kwa moyo, halafu naiweka pembeni, kwa sababu yaliyobaki umejitakia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ulikidharau kitu mchana, jioni ukakisifia kilabuni, kikao kikakipitisha ukanyoosha mkono wa kwanza, kilipomng'ata mwenzio ukacheka, kilipokugeukia wewe kikawa takataka. Huyo aliyekitengeneza alikuambia tangu Krismasi kinatoa namba tano. Mwanao alikupa vidole vitano, ninyi watu wazima mnatumia kimoja, tena cha kuchokonolea pua.

Nimekaa dukani na kalamu. Umeniuliza maswali mawili na yote mawili ni mabovu. Hukuniuliza la maana, nalo lilikuwa limelala kwenye karatasi yako mwenyewe. Tazama namba zako. Nyumba kumi, mashimo mia moja na sitini, wastani kumi na sita. Sawa, hesabu haijakosea. Sasa niambie, kati ya hizo kumi, ngapi zimefika kumi na sita? Moja. Othmar peke yake. Nyumba tisa ziko chini, akiwemo katibu mwenye simu, anasoma wastani unaomhukumu na yeye halafu anaizima kwa heshima. Watu wazima kumi mmesimama mlimani mnaambiwa karibu wote ni wavivu, hakuna hata mmoja aliyekuna kichwa!

Zipange kuanzia ndogo. Angalia zilizokaa katikati. Kumi na mbili. Hiyo ndiyo namba ya pili aliyokutajia Eunice, hiyo ndiyo nyumba ya kawaida ya kundi lenu. Othmar alete watu saba, alete sabini, katikati panabaki kumi na mbili. Wewe wa kumi umepungua mawili. Kwa sheria yenu wenyewe ya mashimo matano, hukatwi. Ilikuwa hapo hapo, mstari wa pili kwenye simu ya Wilfred, kila siku, na kidole chake hakikufika.

Na ukikatwa wewe, unadhani mambo yataishia hapo? Toa kumi zako, nyumba zibaki tisa, wastani unapanda unapita kumi na sita na nusu. Margareta na Makame wa kumi na moja wanakuwa wamepungua zaidi ya matano. Wanafuata. Watoe hao, wastani unapita kumi na nane, hapo wanaondoka wa kumi na mbili, akiwemo Wilfred na simu yake, na wa kumi na tatu nao. Anabaki Aidan na utani wake, naye hafiki popote. Mwisho Othmar anabaki peke yake na watu wake saba, anajipigia makofi. Hicho ndicho mlichokipitisha kwenye kikao.

Lakini hayo bado ni madogo. Kosa lenyewe liko kwenye daftari. Mnaandika nyumba, mnahukumu mtu. Babu zenu walihesabu nyumba kwa sababu walikuwa wanalipana siku kwa siku, nyumba ilikuja kwako, nawe uende kwake. Haikuwa ya kumpima mtu mgongo. Ninyi mmechukua daftari la babu mkalitia kwenye simu, mkataka liwaambie nani mvivu. Basi tuulize hilo vizuri. Othmar, mashimo hamsini na mbili kwa watu saba, kila mtu saba na nusu haifiki. Aidan na mkewe, saba saba. Wilfred na mkewe, sita sita. Margareta na bintiye, matano na nusu. Wewe, mtu mmoja, kumi. Tena umefyeka na kulaza mwenyewe.

Umenisikia? Katika kundi zima hakuna mtu anayekufikia. Mwenyekiti hakufikii. Na wewe umekaa unaandika barua ya aibu.

Sasa tuje kwa Bernadi. Umemwandikia mistari mitatu, ya mwisho ni kicheko. Mashimo manane. Hukusema alikuja na nani, na mimi nimemtuma mtu kwa Halima kuuliza, kwa sababu wewe hukuona kama inahusu. Alikuwa anakuja peke yake. Mkewe haoni vizuri, hatoki. Mtu mmoja, mguu mmoja, manane. Kwa kichwa kwa kichwa, mzee mmemfukuza akiwa anampita Othmar, anampita Aidan, anampita katibu. Zaidi yako wewe hakuna aliyemzidi. Na wewe ndiye uliyecheka. Wakati ule ungefungua mdomo ukasema yule mzee yuko peke yake kama mimi, leo usingekuwa unaniandikia. Ulinyamaza kwa sababu kumi ilikuwa juu ya nane.

Na hii hofu yako ya kuambiwa oa. Mwanaume, unaogopa utani wa Aidan kuliko njaa? Unachimba shimo ambalo mkeo alichimba miaka yote hukumsikia akiomba radhi. Waache wanawake wakutazame. Wanajua uzito wa lile jembe, huenda wanakutazama kwa sababu hiyo.

Basi, fanya hivi. Sikuulizi kama unapenda.

Leo hii, ukitoka hapo kwa Halima, mpigie Eunice. Usianze na mashimo. Anza na neno nisamehe, lote, usilimeze katikati kama wanaume wa huko mnavyofanya, eti "basi yale yaishe." Mwambie ulimtukana na hukusikiliza. Alikuomba namba. Swali lake lilikuwa ndilo swali pekee lenye akili katika habari hii nzima, na wewe ulimkatia simu. Halafu msomee hizo kumi, umwambie kila nyumba ilikuja na watu wangapi. Mwombe aongeze sehemu ya kuandika watu, simu igawe mashimo kwa vichwa. Mtu aliyetengeneza maktaba nzima hilo halimshindi. Na mwambie namba ya katikati aiweke juu, wastani uende chini, maana mmeshaonyesha mnasoma mstari mmoja tu.

Kesho jioni, mkishatoka kwa Margareta, nenda kwa Wilfred nyumbani kwake, kabla ya kikao. Usimvamie mbele za watu, katibu akiaibishwa atalinda ujinga wake kama mbuzi wa posa. Mwambie, "Katibu, nisaidie kitu kimoja, andika pembeni ya kila jina watu waliokuja." Mwache aandike mwenyewe, agawe mwenyewe. Akifika kwenye jina lake ataiona sita mwenyewe. Usicheke. Najua utataka kucheka.

Na kwa Margareta hiyo kesho Ijumaa nenda kama kawaida, piga kumi zako, usijikaze upige kumi na tano kumfurahisha mtu. Ukiumia mgongo ndiyo watakuwa wamekupata kweli. Na jioni unazorudi mapema, anza kufyeka shambani kwako, laza majani miraba, upande wa juu kwanza. Kundi likija likute kazi ya kuchimba tu, siku moja itatosha. Wasipokuja, utakuwa umeshaanza, hutapoteza mwezi ukiwalaani.

Na kabla ya Jumapili pita kwa Bernadi. Usiende na maneno, hayo ulishayatoa. Nenda na jembe, saa mbili tu, uone shamba lake limesimamia wapi. Kama halijaguswa, ulitazame vizuri, ili Jumapili ujue unachokisema.

Kwenye kikao Othmar atasema mila ni nyumba. Mjibu kwa upole, shikamoo yake usiisahau: mila ikiwa nyumba, basi hakuna kukata mtu kwa mashimo, kila nyumba iliyolima ilimiwe, mambo yaishe. Mkitaka kupima watu, pimeni watu. Achague moja. Zote mbili kwa pamoja hapati, hata kama ndiye mwenyekiti.

Usisimame kusema kitu cha binti yako kitupwe. Hakijakosea popote. Usisimame kuomba huruma ya mgane pia, hiyo watakupa siku moja wakuchoke. Utakapopewa nafasi, usitaje jina lako. Sema, "Naomba jina la mzee Bernadi lirudishwe na shamba lake lilimwe kabla ya langu. Mashimo manane, mtu mmoja. Nilicheka, nilikosa." Kisha kaa chini, ufunge mdomo, umwache Wilfred asome za wengine, kichwa kwa kichwa, kwa sauti.